Chakula kingali tumboni, sukari imeshashuka

SWALI

Assalaam aleikum. Ninaandika kutoka Langoni, Lamu, kwa ajili ya mamangu. Ana miaka 57, na huu ni mwaka wa 17 ana sukari. Anadunga insulini ya mchanganyiko, ile ya 30/70, yuniti 24 asubuhi na 18 magharibi, kisha anameza metformini ya gramu 1 mara mbili kwa siku. Miguu humwaka moto usiku, kwa hivyo alipewa pia amitriptilini ya wakati wa kulala.

Tangu mwaka jana mama hali. Huketi akala vijiko vitatu vinne vya wali, akasema ameshiba. Tumbo hujaa hapa juu, chini ya kifua, hupiga mbweu, na asubuhi hushikwa na kigegezi. Mara mbili au tatu kwa wiki hutapika, na linalotutisha ni kuwa hutapika chakula cha jana. Unaziona mbaazi za jioni, nzima nzima. Uzani umetoka kilo 71 hadi 62. Tumeambiwa ni vidonda vya tumbo. Amemaliza dawa za kijidudu cha H. pylori mara mbili, na omeprazoli anameza hadi leo, lakini nafuu hakuna.

Sukari nayo haifahamiki. Jioni moja kabla ya sindano ilikuwa 8.9. Akala kidogo, na baada ya saa moja na nusu jasho likamtoka, mikono ikatetemeka, tukapima 3.2. Tulimpa biskuti na tende, ikachukua muda mrefu kupanda. Alfajiri tukakuta 18.4. Kliniki waliangalia zile za alfajiri wakaongeza sindano ya jioni kutoka 14 hadi 18, na tangu hapo kushuka kumezidi. Choo pia: siku nne hapati, kisha usiku mmoja anaharisha maji matupu, na mara mbili amechafua kitanda. Ameona haya mno, akanikataza nisimwambie mtu.

Shangazi anataka tumpe uwatu uliolowekwa. Kaka yangu anasema sindano ndiyo inayomuumiza, iachwe. Yeye mama anauliza moja tu: Ramadhani ataweza kufunga?

Binti wa Langoni

JIBU

Wa aleikum salaam, binti wa Langoni, na mfikishie mamako salamu. Umefanya la maana kuandika nambari pamoja na wakati wake. Bila hizo, barua yako ingesomeka kama ya mgonjwa wa vidonda vya tumbo, na ndivyo mamako alivyotibiwa. Lakini 8.9 kabla ya kula, 3.2 chakula kikiwa kimeshaliwa, na 18.4 alfajiri, pamoja na kutapika mbaazi za jana na miaka 17 ya kisukari, yote yanaelekeza kwenye mfuko wa chakula unaochelewa kujimwaga. Madaktari huita hali hiyo gastroparesisi. Ni lazima ithibitishwe kwa vipimo, nami nitavieleza, ila kuna mambo ya kufanywa wiki hii hii kabla ya kipimo chochote.

Mfuko wa chakula ukiwa mzima hubana mara 3 hivi kwa dakika, ukasaga chakula na kukipitisha kidogo kidogo kwenda utumbo mwembamba. Karibu nusu ya mlo wa kawaida huwa imetoka baada ya muda wa saa 2, na baada ya saa 4 kilichobaki hakizidi sehemu moja ya kumi. Kazi hiyo inaendeshwa na neva ya vagasi, inayoshuka kutoka kwenye ubongo hadi tumboni, na chembe maalumu ukutani mwa mfuko wenyewe zinazotoa mdundo. Sukari kubwa ya miaka mingi huharibu vyote viwili, kama ilivyoharibu neva za miguu yake inayowaka moto. Chakula basi hukaa. Vitu vya maji hupita bila taabu kubwa, ila vigumu, vyenye mafuta na vyenye nyuzi hubaki humo saa nyingi, pengine mpaka asubuhi.

Sasa tazama sindano ya magharibi. Sukari ya wali haiingii katika damu mpaka wali ufike utumbo mwembamba. Katika ile insulini ya 30/70, sehemu ya 30, ile ya haraka, huanza kazi kama nusu saa baada ya kudungwa na hufika kilele kati ya saa 2 na 4. Sehemu ya 70 hufuata taratibu usiku. Kwa mamako, insulini ni boti iliyong'oa nanga gatini na abiria wangali njiani: inashusha sukari iliyomo damuni, maana ya chakula haijafika. Hiyo ndiyo 3.2. Usiku wa manane wali unaanza kupita, pamoja na biskuti na tende mlizompa, wakati ile insulini ya haraka imeshakwisha nguvu. Hiyo ndiyo 18.4. Mtu akitazama kipimo cha alfajiri peke yake ataongeza dozi ya jioni, na kila yuniti inayoongezwa inazidisha kushuka kwa usiku. Hakuna aliyefanya ubaya kwa makusudi. Kipimo cha baada ya chakula hakikuwemo kwenye daftari, basi.

Kaka yako ameona kweli kwamba sindano na mamako hawapatani, lakini kuiacha ni hatari. Sukari ikipanda zaidi ya 15 hivi, yenyewe huzidi kulegeza mfuko wa chakula, hata kwa mtu ambaye neva zake ni nzima. Mkiiacha insulini, sukari itapanda, tumbo litalala zaidi, atatapika zaidi na maji yatamwishia mwilini. Kinachotakiwa ni kubadilisha wakati na kiasi.

Kwa hivyo, kabla ya wiki kuisha, nendeni kliniki na karatasi yenye hizo nambari, msingoje tarehe ya kadi. Ombeni mambo matatu yaangaliwe: dozi ya jioni ishushwe, sindano idungwe baada ya kula badala ya kabla, mkishaona amekula kiasi gani na kimetulia, na kama inawezekana, mchanganyiko uachwe, apewe insulini mbili mbalimbali, moja ya kukaa mwilini siku nzima na nyingine ya haraka ya baada ya chakula. Hili la tatu ndilo ninalolipa uzito zaidi, kwa sababu mchanganyiko hauruhusu kupunguza sehemu ya chakula bila kupunguza na ile ya msingi. Mpaka mtakapomwona daktari, jioni ambayo amekataa chakula au ametapika, msimdunge dozi nzima wala msimnyime kabisa: pigeni simu kliniki au nendeni hospitali muulize kiasi.

Sukari ikishuka chini ya 4, biskuti na tende si dawa yake. Zinahitaji kusagwa kwanza na mfuko uleule uliolala. Mpeni kitu cha maji: vijiko 3 vya chai vilivyojaa vya sukari, gramu 15 hivi, katika nusu gilasi ya maji, au mililita 150 za soda ya kawaida. Soda isiyo na sukari haifai hapa. Ngojeni dakika 15, mpime, na kama bado iko chini ya 4 mrudie. Mkirudia mara tatu bila kupanda, ni safari ya hospitali. Ikishapanda, mpeni maziwa kikombe kimoja au uji mwepesi badala ya mkate. Akizimia msimtie kitu mdomoni. Mlazeni ubavu mkimbilie hospitali. Nyinyi mna hospitali ya King Fahd kisiwani humo humo, lakini vichochoro vya Langoni si barabara ya gari, basi kubalianeni mapema ni nani atakayembeba na namba gani zitakazopigwa. Sukari na chupa ya maji vikae kando ya kitanda.

Vijiti vya kupimia ni ghali, kwa hivyo msitawanye. Chagueni chakula cha jioni kwa siku 3 mfululizo, mpime kabla ya kula, baada ya muda wa saa moja na nusu, baada ya saa 4, na saa tisa za usiku. Kando ya kila nambari andikeni alikula nini, kiasi gani, alidungwa lini na kama alitapika. Daktari akiiona karatasi ya namna hiyo ataelewa mambo ambayo kile kipimo cha damu cha HbA1c hakiwezi kumwonyesha, kwa kuwa HbA1c ni wastani wa miezi mitatu hivi, na wastani wa 3 na 18 unaweza kuonekana kama sukari ya mtu asiye na taabu kubwa.

Tuje jikoni, maana hapa ndipo nyumba inapoweza kufanya kazi kubwa kuliko dawa. Milo mitatu mikubwa igawanywe iwe 5 au 6 midogo, kila mmoja kikombe kimoja hadi kimoja na nusu. Mafuta ndiyo yanayouchelewesha mfuko kuliko kitu chochote, na chakula chetu cha pwani kimejaa nazi na samli. Sikwambii mtupe mbuzi ya kukunia. Kasimile ndilo lenye mafuta mengi. Pikieni tui la pili au la tatu, jepesi, na kasimile wapewe wengine. Mahamri, viazi karai, bajia, sambusa na samaki wa kukaanga aviache mpaka hali itulie. Samaki achemshwe au atiwe kwenye mchuzi mwepesi, minofu itolewe miiba na kuchambuliwa kwa uma. Pweza ni mgumu kwa tumbo hili, hata akipigwa vizuri. Nyama iwe ya kusaga au iliyopikwa mpaka ikaachana yenyewe.

Jambo la pili ni nyuzi, na hapa mgonjwa wa kisukari huchanganyikiwa kwa sababu kliniki amekuwa akihimizwa ale nyuzi kwa wingi. Kwa kisukari cha kawaida ushauri huo ni sahihi. Kwa mfuko uliolala, maganda ya mbaazi na kunde, kisamvu, mabua ya mchicha, mahindi ya kuchoma, nazi iliyokunwa, mbegu za mapera, nyama nyeupe za chungwa na nyuzi za embe hukusanyika humo na zinaweza kufungamana zikawa donge gumu linaloziba mlango wa kutokea. Zile mbaazi nzima ulizoziona kwenye matapishi ni onyo tosha. Mboga na matunda asinyimwe. Zipikwe mpaka zilainike, zimenywe, zipondwe au zipitishwe kwenye blenda na kuchujwa. Boga, karoti, papai lililoiva na ndizi mbivu zilizopondwa zinapita vizuri.

Kipimo rahisi cha jikoni ni uma: kama chakula hakipondeki kwa uma kikawa laini kama kiazi kilichochemshwa, kisiende mezani kwake. Bokoboko lililopigwa sawasawa linafaa sana, bila samli ya juu. Uji wa mchele, wali uliopikwa ukalainika, viazi vilivyopondwa kwa maziwa kidogo, mayai ya kuchemsha yaliyosagwa, mtindi, supu ya samaki au ya kuku iliyoenguliwa mafuta, vyote ni vya kwake. Siku ambazo tumbo limegoma kabisa, ajaribu vitu vya maji peke yake siku nzima, supu, maziwa na uji wa kuchuja, kwa kuwa hivyo huteremka hata neva zikiwa dhaifu. Lakini wanga ni wanga hata ukiwa wa maji: uji wa mchele kikombe kimoja unapandisha sukari, tena upesi zaidi kuliko wali, kwa hivyo siku hizo sukari ipimwe mara nyingi zaidi.

Atafune polepole, na kama meno au meno ya bandia yanamsumbua, mpelekeni kwa daktari wa meno. Chakula kisichotafunwa kinauongezea kazi mfuko usioweza kazi. Akimaliza kula asijinyooshe kitandani. Akae wima au atembee pole kwa dakika 10 hadi 20, barazani tu inatosha, na chakula cha mwisho kiwe muda wa saa 3 kabla ya kulala. Maji asinywe mengi kwa mkupuo wakati wa mlo, yatamjaza nafasi.

Nimerudi kwenye dawa zake, na kuna moja iliyonishtua: amitriptilini. Ni dawa nzuri ya miguu inayowaka, na pia ni dawa inayopunguza mwendo wa tumbo na utumbo, na kufunga choo. Asiikate ghafla. Muulizeni daktari kama anaweza kubadilishiwa, kwa mfano pregabalini au gabapentini, ambazo dozi zake hupangwa kwa kuangalia figo. Dawa za maumivu za jamii ya tramadoli na kodeini hulegeza tumbo vivyo hivyo. Na Buscopan, ambayo watu wengi hununua dukani kwa tumbo linalouma, inafanya kinyume kabisa cha anachohitaji. Kama kuna mtu amempa mojawapo ya zile sindano mpya za kila wiki za kupunguza uzani na sukari, semaglutidi na wenzake, daktari lazima ajue, kwa sababu nazo huchelewesha tumbo.

Dawa za kuamsha mfuko zipo. Metoklopramidi, wengi mnaijua kwa jina la Plasil, huanzwa kwa miligramu 5 nusu saa kabla ya chakula. Mamlaka ya dawa ya Marekani inaonya isitumiwe zaidi ya wiki 12, na ile ya Ulaya inaruhusu siku chache tu, kwa sababu inaweza kuleta misogeo ya mdomo, ulimi na uso isiyozuilika, ambayo wakati mwingine haiondoki hata dawa ikiachwa. Mkiona anatafunatafuna hewa, analamba midomo au anatetemeka, aache na mrudi hospitali. Domperidoni ni nyingine, kwa kawaida miligramu 10, lakini moyo wake upimwe kwanza kwa ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, na isichanganywe na eritromaisini wala flukonazoli. Eritromaisini yenyewe kwa dozi ndogo husukuma mfuko, ila nguvu yake hufifia baada ya wiki chache. Zote hizi ni za kuandikiwa na kufuatiliwa. Nasisitiza, kwa sababu Plasil huuzwa kwa urahisi na watu huimeza miezi.

Sasa vipimo. Kutapika pamoja na kupungua kilo 9 hakuachwi kwa kudhani, hata dhana ikiwa nzuri kama hii. Kidonda cha zamani kinaweza kuziba mlango wa mfuko, na uvimbe pia. Anahitaji kamera ya tumbo, na kama haipatikani karibu basi ni rufaa ya Malindi au Mombasa. Kukutwa chakula tumboni baada ya kufunga usiku kucha, na mlango ukiwa wazi, ni dalili kubwa ya gastroparesisi. Kipimo kamili ni kile cha kula mlo wenye chembe kidogo za mionzi na kupigwa picha kwa muda wa saa 4. Kikibaki zaidi ya asilimia 10, imethibitika. Kinafanywa hospitali chache kubwa, na sukari siku hiyo isizidi 15, la sivyo majibu hayana maana. Pamoja na hayo, apimwe damu ya figo, tezi ya shingo, wekundu wa damu na vitamini B12. Metformini ya miaka mingi hupunguza B12, omeprazoli huongeza upungufu huo, na B12 ikipungua miguu huwaka vilevile kama ya kisukari. Macho yake nayo yakaguliwe, na apimwe presha akiwa amelala kisha akiwa amesimama. Neva za tumbo zikiguswa, za moyo na mishipa huguswa mara nyingi pia.

Akiitwa kwa kamera, mwambieni mpimaji mapema kwamba tumbo linachelewa. Zile saa chache za kufunga anazoagizwa kila mtu hazimtoshi. Huenda akahitaji kula vitu vya maji peke yake siku moja kabla. Insulini ya usiku na ya asubuhi ya safari ipangwe na daktari, na mkiwa njiani kupitia Witu na Garsen muwe na sukari na maji mkobani. Na akiwahi kufanyiwa upasuaji wowote, hata wa jicho kwa dawa ya usingizi, neno la kwanza kumwambia mtoa usingizi liwe hilo, maana chakula kilichobaki tumboni kinaweza kupanda na kuingia mapafuni.

Kuhusu choo, mwambie mamako si uchafu wake wala si uzembe. Neva zilezile zinaendesha utumbo na kufunga njia ya nyuma. Kuharisha maji usiku, bila maumivu, kukipishana na siku za kufunga choo, ni sura inayojulikana ya kisukari. Lakini kuna visababishi vinavyotibika kwanza. Metformini ni cha kwanza: muulizeni daktari kama ipunguzwe au abadilishiwe ile inayoyeyuka taratibu, na aimeze katikati ya chakula. Angalieni pia peremende na biskuti zinazouzwa kuwa hazina sukari. Nyingi zina sorbitoli, na sorbitoli huharisha. Utumbo unaosogea polepole huzalisha vijidudu kupita kiasi, na hivyo vina dawa. Siku nne bila choo ni nyingi, na kinyesi kilichokwama kinaweza kupitwa na maji pembeni yake yakaonekana kama kuharisha, kwa hivyo msimpe dawa ya kuzuia kabla hajapapaswa tumbo na kuchunguzwa. Ya kulainisha iwe laktulosi. Zile unga za nyuzi zinazovimba ndani ya maji msimpe.

Na hapo umeshapata jibu la uwatu. Ukiloweka uwatu unaona unavyovimba na kuteleza; ni nyuzi zinazogeuka utando mzito tumboni na kuchelewesha chakula. Ndiyo sababu humsaidia mwenye sukari asiye na tatizo hili, na ndiyo sababu haumfai mamako. Mbegu za chia ni vivyo hivyo. Shangazi ana nia njema. Mwelezeni kwa upole.

Kuna hali za kutongoja asubuhi: kutapika kunakoambatana na sukari zaidi ya 15, pumzi za haraka na nzito, harufu ya matunda mdomoni au kusinzia, matapishi yenye damu au yanayofanana na masalio ya kahawa, au choo cheusi kama lami, kushindwa kuweka hata maji tumboni kwa nusu siku, au kutokojoa, na kichefuchefu cha ghafla chenye jasho na uzito kifuani au kwenye chembe cha moyo. Hilo la mwisho, kwa mwenye kisukari, linaweza kuwa mshtuko wa moyo bila maumivu makali, na watu hulaumu soda na kiungulia. Siku za kutapika mfululizo, metformini isimamishwe mpaka daktari aseme.

Ramadhani. Kwa hali aliyo nayo sasa, sukari inayoshuka baada ya chakula, insulini mara mbili na uzani unaopungua, yumo kwenye kundi la hatari kubwa, na ushauri wangu ni asifunge mwaka huu. Najua ni neno zito kwake. Aonane na daktari miezi miwili kabla, kisha azungumze na shekhe anayemwamini kuhusu ruhusa ya mgonjwa na fidia. Ikiwa hata hivyo ataamua kujaribu, iwe baada ya insulini kupangwa upya na tumbo kutulia, na apime mchana. Kujidunga kidole kupima sukari hakubatilishi saumu kwa fatwa za wanazuoni wengi. Ikifika chini ya 3.9 au kupita 16.6 afungue papo hapo, hata kama Maghribi iko karibu. Futari yake ianze kwa maji na kikombe cha uji mwepesi au supu, akae nusu saa, kisha mlo mdogo laini. Kaimati, tambi za samli na viazi vya nazi zito vilivyoandaliwa kwa ajili ya wote visiwe vyake, na daku ale kidogo, mapema kiasi cha kupata saa nzima ya kukaa wima kabla ya kurudi kulala.